Jitu Lisilo na Upande

Msomaji, kila kundi la hadithi lina mbaya wake. Hadithi za Sungura zina Fisi. Leo utasoma kwamba Fisi amefika njia panda, amenusa harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kufuata njia zote kwa pamoja hata akapasuka. Kesho, katika hadithi nyingine, utamkuta mzima, na njaa yake ni ile ile, anadanganywa upya. Hatuulizi amefufukaje, kwa maana twamhitaji. Nataka tumtazame mbaya mwingine wa namna hiyo. Huyu hakuzaliwa katika nyika zetu bali Japani, naye huingia katika nyumba nyingi za Nairobi kwa mlango wa televisheni. Jina lake ni Bowser.

Bowser alibuniwa na Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, akaonekana kwanza mwaka 1985 katika mchezo wa Super Mario Bros. Ni mfalme mwenye umbo la kobe, ana pembe kichwani, miiba mgongoni, na pumzi yake ni moto. (Kobe wa hadithi zetu ni mpole mwenye akili, huyu amechukua gamba lake tu, busara akaiacha.) Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumteka binti mfalme na kungoja kushindwa, wala haina mengi ya kuzungumzwa. Kazi zinazostahili kuchunguzwa ni zile alizopewa tangu mwaka 1998, ulipotolewa mchezo wa kwanza wa Mario Party.

Katika mchezo huo watu wanne huzunguka ubao uliochorwa katika kioo cha televisheni. Kila mmoja hutupa dadu kwa zamu, hushindana na wenzake katika michezo midogo ili apate sarafu, na kwa sarafu 20 hununua nyota. Mwenye nyota nyingi mwishoni ndiye mshindi. Nimeutazama mara nyingi ukichezwa nyumbani kwa dada yangu katika mtaa wa Hurlingham, karibu na barabara ya Argwings Kodhek, wapwa zangu wanne wakiwa wameketi zuliani. Kwa kelele zao ungedhani ni wazee wanaocheza bao barazani. Lakini bao halina dadu, na ashindwaye katika bao hana wa kumlaumu ila mkono wake mwenyewe. Hapa zipo nafasi zenye uso wa Bowser, na dadu ikikupeleka huko, jitu hilo litakuzuia, litacheka, na kukunyang'anya sarafu zako.

Tazama basi ustadi wa watungaji. Mchezaji hakufanya kosa lo lote. Wangeweza kumwandikia maneno makavu tu kwamba amepoteza sarafu kadha wa kadha, naye angeuona mchezo kuwa dhalimu, akauacha. Badala yake waliipa bahati mbaya uso, meno na sauti. Sasa mtoto anaye wa kumkasirikia. Tena, wale watatu waliokuwa wakimwonea wivu dakika moja iliyopita humwambia, "Pole!" Bowser hana upande. Humwonea mkubwa na mdogo, aliye mbele na aliye nyuma, na kwa hiyo huwafanya mahasimu kuwa ndugu kwa muda mfupi. Fisi hakupata kufanya hivyo kamwe, kwani Fisi ni adui wa tumbo lake mwenyewe tu.

Lakini ipo kazi yake moja inayonishughulisha kuliko zote. Mara nyingine Bowser hatwai mali, bali hutangaza mapinduzi. Huzikusanya sarafu za wachezaji wote wanne, huzihesabu, na kuzigawanya sawasawa. Siku nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza, mpwa wangu mkubwa, aliyekuwa tajiri wao, alikitupa kidude cha mkononi chini akaondoka chumbani. Mdogo wao, aliyekuwa na sarafu tatu, aliruka juu ya kiti akacheza ngoma.

Je, msomaji, huo ni ubaya? Mgawanyo wa mali kwa usawa umetiwa mikononi mwa mwovu, na twaambiwa tuuogope. Watu wazima wa nchi hizi wamebishana sana juu ya neno hilo: Tanganyika na Zanzibar zilizoungana zilikuwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967, na Kenya ilikwisha kuchagua njia yake katika Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965. Matatu za nambari 46 zipitazo Hurlingham huendelea hadi Kawangware, na abiria anayetazama dirishani huona mwenyewe jinsi nyumba zinavyobadilika kabla safari haijawa ndefu. Mtoto wa Hurlingham aliyenuna zuliani alikuwa katika ubishi ule ule, ijapokuwa hakujua.

Mimi nasema watungaji wamefanya ujanja. Mapinduzi ya Bowser hugusa sarafu tu; nyota hayazigusi. Aliyekwisha kugeuza fedha zake kuwa nyota hukaa kimya akitabasamu, na hasara humwangukia yule aliyekuwa bado anaweka akiba. Basi si usawa kamili, bali ni kelele ya usawa. Ajabu ni kwamba katika mchezo ule wa kwanza, asiye na sarafu hata moja akiangukia mikononi mwa jitu hili, huonewa huruma na kupewa chache.

Baadaye kazi zake zilibadilika, wala si zote kwa uzuri. Katika Mario Party 10, mwaka 2015, mchezaji mmoja aliweza kuwa Bowser mwenyewe na kuwafukuza wengine. Kichekesho hicho ni kizuri kwa jioni moja. Lakini hasira iliyokuwa ikilielekea jitu sasa yamwangukia kaka au dada, nao wataonana mezani wakati wa chakula cha usiku. Mwaka 2018, katika Super Mario Party, alishushwa zaidi: akawa mchezaji kama wengine, ana dadu yake yenye hesabu kubwa, hununua nyota kwa sarafu, na huibiwa kama mtu ye yote. Mfalme amekuwa mpangaji. Naliona hilo kuwa kosa, kwa maana jitu likiwa na upande, nani atabaki kuwa bahati mbaya?

Yamkini watungaji nao waliona hivyo, kwani Mario Party Superstars ya mwaka 2021 ilimrudisha katika kazi yake ya zamani. Wapwa zangu walimpokea kwa mayowe. Yule mkubwa hakai tena na rundo la sarafu. Akipata 20 tu, hukimbilia nyota.