Sanaa ya Nani? Picha za Chapa na Umma wa Kusini

Swali la kwanza la mhakiki wa kijamaa si kama kazi ya sanaa inapendeza, bali inamfikia nani. Wachongaji wa Kimakonde, wa Mtwara na wa ng'ambo ya Ruvuma, wametoa kinyago kiitwacho Ujamaa: watu wengi katika gogo moja la mpingo, kila mmoja akimbeba mwenzake. Maudhui yake ni ya umma. Lakini kinyago ni kimoja tu. Mwenye fedha akishakinunua, mkulima wa korosho wa Newala hakioni tena.

Picha ya chapa ilikuja kuuvunja mgongano huo. Msanii huchonga mchoro katika ubao au bamba la metali, huupaka wino na kuukandamizia karatasi. Bamba moja hutoa nakala nyingi. Kwa njia hiyo watu wa kawaida wa Ulaya waliweza kununua picha tangu karne ya 15. Posada wa Mexico, aliyefariki mwaka 1913, aliwachorea maskini karatasi za bei ndogo. Mwaka 1931 Lu Xun aliandaa mafunzo ya kuchonga chapa mjini Shanghai, akiona kuwa kisu na ubao ni silaha nyepesi ya mapinduzi.

Kwetu, Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, iliikuza kazi hii. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, aliwahamisha mashetani wake kutoka kwenye mti hadi kwenye bamba. Wana masikio makubwa na matumbo yaliyotuna. Wanateta, wanacheza, wanabebana. Mstari mweusi uliwapunguzia uzito wa mpingo, lakini ukawapa wepesi wa kusimulia. Hayo ni mafanikio. Kasoro ilikuwa sokoni: nakala ziliongezeka, wanunuzi wakabaki kwa wingi wale wale, watalii na wageni. Mtambo peke yake hauondoi matabaka.

Linganisha na kanga. Mchoro wake nao ulichongwa, kwanza katika vibao vya kupigia chapa, baadaye katika rola za shaba za viwandani. Kwa miaka mingi faida ilikwenda Ulaya, India na Japani, mpaka viwanda vyetu, kama Urafiki cha mwaka 1968, vilipoanza kuchapa. Hata hivyo mama wa Mikindani au Msimbati alichagua mwenyewe pindo, mji na jina, na kwa jina hilo akamjibu jirani yake. Hakuwa mtazamaji tu, alikuwa mhakiki. Kanga ilishinda kwa bei, lugha na matumizi, si kwa kumzidi Lilanga ubora wa mstari.

Funzo ni wazi. Chapa hufungua mlango. Umma huingia pale tu bei na mahali vinapomfaa mkulima. Picha hizi zitundikwe katika shule, zahanati na ofisi za vijiji vya Mtwara, na wachongaji wawafundishe watoto kuchonga chapa. Sanaa itokayo kwa umma isiyorudi kwa umma ni malighafi tu, sawa na korosho ghafi inayosafirishwa nje.