Namna Brigedi ya Katukov Ilivyoizuia Barabara ya Mtsensk

Tarehe 3 Oktoba 1941 vifaru vya Wajerumani viliingia Orel ghafla mno, tramu za mji zikiwa bado zinabeba abiria. Kutoka hapo barabara kuu inapita Mtsensk na Tula hadi Moscow, na jeshi la maana la kuikinga halikuwapo. Kanali Mikhail Katukov alikabidhiwa kazi hiyo akiwa na Brigedi ya 4 ya Vifaru, yenye vifaru 60 hivi, zaidi ya nusu yake BT vyepesi ambavyo deraya yake ilitobolewa kwa urahisi. Mbele yake ilikuwa Divisheni ya 4 ya Vifaru ya Wajerumani, chini ya jeshi la vifaru la Jenerali Heinz Guderian.

Sifa za ushindi uliofuata hupewa kifaru aina ya T-34, ambacho brigedi hiyo pia ilikuwa nacho. Ni kweli kilikuwa na mzinga wa milimita 76, na bamba la mbele la milimita 45 lililolazwa kiasi kwamba risasi nyingi ziliteleza. Lakini T-34 nyingi ziliteketea kiangazi cha mwaka ule katika mikono mingine. Mnara wake ulibeba watu wawili tu, kwa hiyo kamanda ndiye aliyelenga na kufyatua. Akitazama darubini ya mzinga, uwanja mzima humpotea. Redio zilikuwa hasa kwenye vifaru vya makamanda wa vikosi; wengine walifuata ishara za bendera. Panzer III ya Mjerumani ilikuwa na watu watatu mnarani, na redio. Katika mapambano ya mwendo, Mjerumani aliona na kusikia zaidi.

Hapo ndipo ninapouona ustadi wa Katukov. Alichagua kuvizia, na anayevizia hahitaji kuona kila upande: eneo lake la kupiga amepangiwa mapema. Mbele alichimba mahandaki ya uongo ili ndege na mizinga ya adui vimalizie hasira huko. Askari wa miguu walikaa kwenye mahandaki ya kweli nyuma ya hayo, na vifaru vikafichwa vichakani na ukingoni mwa msitu, vichache vichache. Viliacha adui akaribie, vikampiga ubavuni, kisha vikahama kabla mizinga yake haijapata shabaha.

Tarehe 6 Oktoba, karibu na kijiji cha Pervy Voin, vifaru vya Wajerumani vilipenya safu ya askari wa miguu. Luteni Dmitry Lavrinenko alitoka msituni na T-34 nne tu, akapiga, akapotea nyuma ya miti, akatokeza upande mwingine akapiga tena. Wajerumani waliamini wamekabiliwa na kikosi kikubwa. Guderian mwenyewe aliandika baadaye kwamba mzinga mfupi wa Panzer IV ulifaa tu ukiipiga T-34 kwa nyuma, kwenye wavu wa injini. Usiku ule theluji ya kwanza ilianguka, na ilipoyeyuka barabara ikawa tope. Minyororo mipana ya T-34 ilipita pale ambapo magari ya Mjerumani yalizama.

Hesabu ya Kisovieti ya vifaru 133 vilivyoharibiwa siiamini, kwa kuwa kumbukumbu za Wajerumani zinaonyesha hasara ndogo zaidi. Na mji wenyewe ulianguka: tarehe 10 Oktoba Wajerumani waliingia Mtsensk, na brigedi ikavuka mto Zusha usiku kwa daraja la reli, chini ya moto. Kipimo sahihi hapa ni muda. Kilomita 50 hivi kutoka Orel zilimgharimu Guderian wiki nzima. Alipofika viungani mwa Tula mwishoni mwa mwezi, mji ulikuwa umejiandaa, naye hakuuteka kamwe.

Tarehe 11 Novemba 1941 brigedi hiyo ilipewa jina la Brigedi ya 1 ya Vifaru ya Gadi, ikiwa ya kwanza kati ya vikosi vya vifaru kupata heshima hiyo. Katukov alimaliza vita mwaka 1945 mjini Berlin, akiongoza Jeshi la 1 la Vifaru la Gadi.