Rangi ya Kopo Katika Bonde Lenye Maji

Gari linalopakwa rangi Ifakara wakati wa kiangazi hupendeza mpaka mvua zishike. Baada ya hapo malengelenge huanza kuota kwenye ukingo wa chini wa milango, yakahamia kwenye matao ya matairi, na ikifika Aprili rangi inabanduka vipande vipande na kutu inajitokeza chini yake. Mwenye gari hurudi dukani kulalamika kwamba ameuziwa kopo bovu. Mara nyingi kopo halikuwa na kosa. Rangi hiyo ilishindwa kabla haijakauka, kwa sababu maji yalikuwa yamefungiwa chini yake, au yaliiingia yenyewe ilipokuwa bado mbichi.

Ndiyo maana nataka kuichambua kazi moja iliyofanyika vizuri. Ni Toyota Hilux nyeupe ya mkulima wa Lipangalala, pikapu inayobeba mpunga na mbolea katika barabara ya vumbi ya kwenda Mlimba. Mwenyewe aliipaka uani kwake kwa rangi ya spreyi, akisaidiwa na kijana fundi rangi wa Kibaoni katika hatua ya puti. Hakupaka gari zima. Alipaka boneti, fenda la kushoto na sehemu ya chini ya milango miwili, na uamuzi huo peke yake unastahili sifa. Kopo la mililita 400 hutosha takriban mita moja ya mraba kwa mikono miwili mepesi, na boneti ya pikapu peke yake inazidi kipimo hicho. Anayetaka kupaka gari zima kwa makopo atamaliza fedha za kumlipa fundi mwenye kompresa, na bado paa lake litakuwa na mistari. Kwa kipande kimoja au viwili, hesabu inakuwa ya kopo.

Kabla ya msasa alifanya jaribio ambalo wengi hulisahau. Alilowesha kitambaa kwa thina akakilaza juu ya rangi ya zamani kwa dakika chache, kisha akafuta. Kwenye boneti kitambaa kilitoka safi. Kwenye fenda kilitoka cheupe, na rangi ikalainika na kukunjamana. Jibu likapatikana hapo hapo: boneti ilikuwa bado na rangi ya kiwandani, ile inayookwa kwenye tanuri kwa zaidi ya nyuzi 100 hadi ikafungamana isiyeyuke tena, ilhali fenda lilikwisha kupakwa siku za nyuma kwa rangi inayokauka hewani. Ukipuliza rangi yenye thina kali juu ya rangi ya namna hiyo, ya chini huamka na kuivuruga ya juu. Kwa hiyo fenda lilikwanguliwa hadi kwenye bati, lakini boneti ilipigwa msasa wa kuondoa mng'ao tu.

Hapa natofautiana na mafundi wanaoona fahari kulivua gari lote libaki bati tupu. Bodi ya kiwandani huzamishwa kwenye birika la praima na kupitishiwa umeme, mpaka praima inashika hata kwenye mikunjo ambayo mkono haufiki. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi kliya (tabaka angavu la juu), haizidi sana sehemu ya kumi ya milimita, lakini hakuna kitu utakachopuliza uani kitakachoshika bati kama tabaka hilo la chini. Ikiwa nzima, iache. Msasa namba 400 wa maji unatosha kuipa mkwaruzo ambao rangi mpya itaushika.

Rangi zinazokauka haraka hewani zina historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 gari lingeweza kukaa kiwandani kwa wiki kadhaa likisubiri rangi ya mafuta ikauke. Miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilileta Duco, rangi ya nitroselulosi, na General Motors ikaanza kuitumia; gari likawa tayari kwa muda mfupi mno kuliko zamani. Mwaka 1949 Edward Seymour wa Sycamore, Illinois, akaitia rangi ndani ya kopo lenye gesi. Rangi ya NC, yaani nitroselulosi, inayouzwa kwenye gereji zetu ni ya ukoo ule ule wa Duco, na ina udhaifu ule ule: hukauka kwa thina kuruka hewani tu, haina mfungamano wa kikemikali. Udhaifu huo nitaurudia, kwa sababu ndio unaowaumiza watu wa bodaboda.

Sasa kutu. Bonde la Kilombero limelala kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za Mahenge, na mito inayoshuka huko huloweka tambarare kila masika. Tangu mwaka 2002 tambarare hiyo imo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji hayo ndiyo yanayotupa mpunga. Lakini tope lake likiganda chini ya madigadi hukaa na unyevu siku nyingi baada ya jua kuwaka, na likiziba matundu ya kutolea maji chini ya milango, mvua inayopenya kwenye kioo hujikusanya ndani. Mlango huanza kuoza kutoka ndani kuja nje. Lengelenge unaloliona kwenye rangi ni mwisho wa safari ya kutu.

Mkulima wetu alilielewa hilo. Alizibua matundu yote kwa waya, akamwaga maji ndani ya milango mpaka yakatoka safi, kisha akaiacha milango wazi juani. Kutu ya juu juu aliikwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 hadi bati likang'aa. Penye vishimo ambavyo msasa haukufika alipaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, inayoigeuza kutu kuwa tabaka gumu jeusi, akaiosha na kuikausha kama maelekezo ya chupa yalivyosema. Mwishoni kabisa, kazi yote ikiwa imekwisha, ndipo alipotia mafuta ndani ya milango. Mpangilio huo ni muhimu. Angetangulia kutia mafuta, yangetambaa hadi nje na rangi ingekimbia kila yalipogusa, ikaacha vishimo vya duara.

Kwenye puti palizuka mjadala. Mwenye gari alitaka kuilainisha kwa msasa wa maji kama boneti. Kijana wa Kibaoni akamzuia: "Mzee, puti usiitie maji. Inakunywa." Alikuwa sahihi kabisa. Puti ya bodi ina unga mwingi, na ikikauka hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiisugua kwa maji huyanyonya. Ukiifunika kwa rangi, maji hayana pa kutokea mpaka siku jua litakapochemsha bati, yageuke mvuke na kuinua rangi. Humu bondeni hata kuiacha wazi usiku mmoja ni hatari, kwa sababu hewa peke yake inatosha kuilowesha. Ilisuguliwa kavu, namba 120 kisha 240, ikafutwa vumbi na kufunikwa kwa praima mchana ule ule. Nikiulizwa ni hatua gani iliyookoa kazi hii, nitaitaja hiyo kwanza.

Lakini praima hiyo ya uani haizuii maji vizuri. Praima ya kujazia mikwaruzo, ile ya kijivu inayouzwa kwenye makopo, nayo hupitisha unyevu. Gari lililoachwa na mabaka ya kijivu likisubiri fedha za rangi linakula kutu chini ya yale mabaka, na nimeyaona mengi ya namna hiyo kuanzia Mang'ula hadi Mbingu.

Kazi ilifanyika Julai, mwezi mzuri. Mvua zimekwisha, mpunga umeuzwa, na moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya kulima haujawa mwingi. Kasoro yake ni umande. Usiku wa Julai una baridi na asubuhi bati linalowa. Lakini hata bati likikauka, hewa bado ina la kufanya.

Thina inaporuka kutoka kwenye rangi huchukua joto la mahali ilipotoka, kwa hiyo uso wa rangi mbichi hupoa chini ya joto la hewa. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha umande ikipozwa hadi nyuzi 21 hivi. Pengo ni nyuzi nne tu, na thina kali inaweza kuliziba. Umande mwembamba ukitua juu ya rangi inayokauka, rangi hupauka na kuwa na ukungu mweupe kama maziwa. Kwenye rangi nyeusi huonekana mara moja, kwenye nyeupe utaujua kwa kukosa mng'ao. Subiri mpaka hewa ifike nyuzi 30 na unyevu ushuke hadi asilimia 50, na umande hautatua mpaka uso upoe kufikia nyuzi 18. Pengo limekuwa nyuzi 12. Rangi ni ile ile, kopo ni lile lile, ni saa ya siku iliyobadilika.

Kwa hiyo alianza kupuliza yapata saa nne asubuhi, gari likiwa chini ya kivuli cha mwembe lakini likiwa limepata jua kwanza. Juani kabisa asingeweza. Boneti iliyoanikwa huwa ya moto kiasi cha kukausha matone kabla hayajatandaa, na uso unabaki na chembechembe. Alasiri upepo huleta vumbi la barabara, na jioni wadudu wa mashamba ya mpunga huvutwa na weupe wa rangi. Zinabaki saa chache tu za kufanyia kazi, naye alizitumia hizo bila kuongeza. Mkono wa mwisho wa milango aliuahirisha hadi kesho yake kwa sababu jua lilikuwa limeinama.

Katika jambo hili la unyevu, kopo linaishinda bunduki ya rangi. Kompresa inaikandamiza hewa ya bonde pamoja na maji yake, na maji hayo hujikusanya kwenye tangi. Fundi asipoyamwaga kila siku na kufunga kichujio kwenye mpira, bunduki itayatema juu ya rangi. Gesi iliyomo kwenye kopo ni kavu. Udhaifu wa kopo ni kwamba hupoa kadiri unavyopuliza na msukumo wake hupungua, hivyo alikuwa na makopo mawili akiyapokezanya.

Kupuliza kwenyewe hakukuwa na mengi. Kopo lilitikiswa dakika mbili baada ya gololi kuanza kulia, likashikwa sentimita 25 hivi kutoka kwenye bati, mkono ukaenda sambamba na boneti bila kuzungusha kiwiko, na kila mstari ukafunika nusu ya uliotangulia. Alianza kubonyeza kabla ya ukingo na kuachia baada ya ukingo. Mkono wa kwanza uliacha praima ikionekana, kama inavyotakiwa. Tamaa ya kufunika mara moja ndiyo inayoleta michirizi.

Matokeo? Boneti imetoka vizuri mno. Milango ina tofauti ndogo ya weupe. Alisoma namba ya rangi kwenye kibati cha gari, penye herufi C/TR, akakuta 040, weupe wa kawaida wa Toyota usio na chembe za lulu wala metaliki, na huo ndio rahisi kuliko yote kwa kopo. Ila rangi ya zamani imepauka kwa jua la miaka mingi, na namba haijui hilo. Angefikisha rangi mpya hadi kwenye ukingo wa mlango badala ya kuikatisha katikati kwa tepu, jicho lisingeona. Kwa gari la metaliki au la 070, weupe wa lulu, nisingemshauri mtu kujaribu uani, kwa sababu chembe zake hulala tofauti kila mkono unapobadilisha mwendo.

Jambo moja lilinitia hofu. Gesi ya makopo mengi ni ya jamii ile ile ya gesi ya kupikia, na jiko la mkaa lilikuwa linawaka upande wa pili wa ua. Lilizimwa, watoto wakahamishiwa kwa jirani. Kitambaa puani kinapunguza matone na vumbi, hakizuii mvuke wa thina; inahitajika barakoa yenye vichujio vya mkaa. Na rangi au kliya yenye hadina (kigumishi) ni suala jingine kabisa. Ina isosianeti, kemikali inayoweza kumwachia mpulizaji pumu ya kudumu, na mafundi wengi wanaipuliza vifua wazi. Haifai kupulizwa uani penye familia.

Lakini rangi isiyo na hadina ina ule udhaifu niliosema nitaurudia, na hapo ndipo tatizo la bodaboda lilipo. Tangi la pikipiki ni dogo, kopo moja linalitosha, na vijana wengi hulipaka wenyewe. Lakini rangi iliyokauka kwa thina kuruka huweza kulainishwa na petroli pia, na vijijini petroli hutiwa kutoka kwenye chupa, ikimwagika karibu kila mara. Ndani ya wiki chache rangi imelainika kuzunguka kifuniko. Kwa tangi, lipeleke kwa fundi mwenye kliya ya hadina na kinga kamili. Vifuniko vya pembeni na madigadi yapake mwenyewe. Ukibadilisha rangi kabisa, kwa mfano kutoka nyekundu kwenda nyeusi, kadi ya usajili inayotolewa na TRA ina sehemu ya rangi, nayo irekebishwe kabla askari hajailinganisha na chombo barabarani.

Hilux ilikaa mwezi mzima bila kupolishiwa, ikioshwa kwa maji matupu, kwa sababu thina iliyobaki ndani huchukua wiki nyingi kutoka hata rangi ikionekana kavu kwa kidole. Sasa kila Jumamosi mwenye gari anapitisha waya kwenye matundu ya milango.