Namna ya Kupima Ubora wa Programu za Simu kwa Wagonjwa wa Saratani ya Matiti

Programu ya simu inayomhudumia mgonjwa wa saratani ya matiti, au manusura aliyekwisha maliza matibabu, ina sehemu mbili: ile inayoonekana kwenye kioo cha simu, na ile isiyoonekana, yaani mhudumu wa afya anayepokea maelezo ya mgonjwa na kuyafanyia kazi. Mkaguzi mjuzi huanza na hiyo ya pili, kwa kuwa mgonjwa wa Basotu, wilayani Hanang, anayelazimika kufuata tibakemikali na mionzi katika hospitali za mbali kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, hukaa nyumbani wiki kadhaa kati ya dozi na dozi, na katika wiki hizo ndipo madhara ya dawa humkuta akiwa mbali na daktari wake.

Kipimo cha kwanza ni swali la homa. Tibakemikali, yaani dawa zinazoua seli za saratani kwa kupitia mkondo wa damu, hupunguza pia chembe nyeupe zinazokinga mwili, na kwa dawa nyingi upungufu huo hufikia kilele kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Homa ya nyuzi 38 katika kipindi hicho ni dharura. Programu dhaifu humshauri mgonjwa ameze panadol na kupumzika, au hupokea jibu lake na kumshukuru tu. Programu nzuri huuliza tarehe ya dozi, joto lililopimwa na, kwa asiye na kipimajoto, kama anatetemeka au mwili unamchemka. Kisha humwelekeza hospitali ya karibu siku hiyohiyo, kama ile ya Kilutheri ya Haydom, na papo hapo humpelekea muuguzi taarifa.

Uzito wa upande huo wa pili, yaani mhudumu anayepokea maelezo, una ushahidi. Mwaka 2017, Ethan Basch na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti uliofanyika New York kwa wagonjwa 766 wa saratani zilizosambaa, zikiwamo za matiti: waliokuwa wakieleza dalili zao kwa kompyuta, huku wauguzi wakipata tahadhari, waliishi kwa wastani wa kati miezi 31.2, ilhali waliopata huduma ya kawaida waliishi miezi 26. Nchini Tanzania, Ocean Road ilifanyia majaribio programu ya mPalliative Care Link, ambamo mgonjwa au anayemuuguza hujibu maswali ya kipimo cha Kiafrika cha tiba shufaa, na majibu hayo humfikia mtaalamu.

Kipimo cha pili ni lugha na chombo. Wazee wa Kibarbaig na Kiiraqw wasiosoma Kiswahili wanahitaji sauti katika lugha zao, na kiwango cha maumivu huelezeka vyema kwa mkono, ngumi iliyofumbwa ikiwa na maana ya kutokuwa na maumivu na vidole vitano maumivu yaliyozidi. Programu inayohitaji simu janja na bando kila siku huwaacha wenye vitochi. Iliyo bora huwapa njia ya ujumbe mfupi au namba za nyota, kama zile za kutuma pesa.

Kipimo cha tatu ni siri. Pale simu moja inapotumiwa na mume, watoto na jirani, ujumbe unaotaja saratani ya matiti kwenye kioo kilichofungwa ni kasoro kubwa. Mkaguzi aangalie pia kama idhini imeombwa kwa lugha nyepesi, kama inavyopasa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kipimo cha nne ni muda. Wengi hutumia tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni kuchochea saratani, kwa miaka 5 hadi 10, wakivumilia joto la ghafla mwilini na hofu ya ugonjwa kurudi. Walioondolewa tezi za kwapa huweza kuvimba mkono hata miaka kadhaa baadaye. Programu iliyokamilika humfundisha manusura kupima mikono yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, mahali palepale kila mara, na humwita kliniki tofauti inapoongezeka. Ile inayouza dawa za kusafisha mwili ikataliwe bila mjadala.

Kipimo kiitwacho MARS, chenye maswali 23, kilichotolewa Australia mwaka 2015, husaidia kupanga alama za mvuto, utendaji, mwonekano na taarifa, lakini kitumike mwishoni, kwa sababu kinaielezea zaidi programu yenyewe kuliko huduma iliyo nyuma yake. Programu yenye sura ya kawaida na muuguzi anayejibu hata Jumapili usiku ipewe nafasi ya kwanza. Isiyo na mtu upande wa pili ihesabiwe kuwa kijitabu cha maelezo, na ipimwe kwa usahihi wa maelezo hayo tu.