Mama, Subiri Kidogo Tumwone

Mtoto wa kiume wa miaka mitano ameketi sakafuni. "Haya baba, simama," anaambiwa. Mama ananyoosha mkono amwinue, kama afanyavyo kila siku, na mpimaji anamzuia kwa upole: "Mama, subiri kidogo tumwone." Mtoto anageuka kifudifudi, anakita viganja chini, anainua makalio. Kisha anashika goti, halafu paja, mkono huu na ule, anaukwea mwili wake mwenyewe mpaka awe wima. Mwingereza William Gowers aliueleza uinukaji huo, dalili ya udhaifu wa misuli, mwaka 1879, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Vifaa ni sakafu na saa ya kuhesabu sekunde.

Ndiyo maana naupenda ufundi huu wa kupima misuli ya watoto, na nauona unatufaa sana watu wa mkoa wa Mara. Mpimaji hodari huanzia nyumbani kwa mtoto. Kule Butiama anapandaje mlima? Pale Musoma, wenzake wakikwea mawe, yeye anabaki chini? Njiani kwenda shule Bunda anaanguka mara ngapi? Na udhaifu ulianza lini: ghafla, au kidogo kidogo? Mtoto akilegea ghafla, polio lazima ichunguzwe haraka. Ugonjwa wa misuli wa Duchenne, ambao huwapata zaidi wavulana, hunyemelea.

Kisha mpimaji anashika vigimbi vya mtoto. Wazazi wengi huvifurahia, vinene kama vya mcheza mpira. Vidole vilivyozoea husikia jingine: ugumu wa mafuta na makovu yaliyochukua nafasi ya msuli.

Ili kuuona msuli wenyewe, katika miaka ya 1860 daktari Duchenne mwenyewe, huko Ufaransa, alitengeneza sindano ya kunyofoa kipande cha msuli kwa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1982 Heckmatt na wenzake wa London walionyesha njia isiyoumiza, kwa altrasaundi, mashine ileile wanayoijua kina mama wajawazito. Jeli inapakwa pajani. Msuli mzima huonekana mweusi wenye michirizi myembamba, na chini yake mfupa unang'aa kama uzi mweupe. Msuli mgonjwa hujaa weupe kama ukungu wa ziwani asubuhi, mpaka ule uzi wa mfupa unafifia na kupotea. Hapa mkono ndio fundi: kifaa kikiinama kidogo tu, msuli hubadili rangi, kikikandamizwa, unene wake hupungua. Kinatakiwa kisimame wima, kiguse jeli bila kulemea ngozi.

Ukungu huo hausemi ni ugonjwa gani hasa. Jina lake hutafutwa kwenye damu, katika kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli na katika jeni. Lakini damu hiyo huchukuliwa kwa sababu kuna mtu aliyetazama vizuri kwanza.

Baada ya miezi sita mtoto anarudi. Anaketishwa chini tena, saa inawashwa, na safari hii mama anarudisha mikono yake mapajani, anatazama pamoja na mpimaji.