Fundi Anayeuliza Kabla ya Kuuza

Kijiti cha RAM ya laptopu kina urefu wa sentimita saba hivi, na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kukichomeka. Ndiyo maana wengi huona kuongeza RAM ni kazi ndogo: unataja gigabaiti unazotaka, unalipa, unaondoka. Kuchomeka kweli ni kazi ya dakika chache. Ufundi uko kwenye kuchagua, na mafundi wanaojua kuchagua, wawe Kariakoo au barabara ya Luthuli pale Nairobi, wanastahili sifa kubwa kuliko wanazopewa.

Fundi wa kweli haanzi na bei. Huanza na swali: "Mashine hii unaifanyia kazi gani?" Mwalimu anayetunga mitihani huku kivinjari kikiwa na kurasa chungu nzima ana haja yake; kijana anayehariri video za harusi ana haja nyingine. Wa kwanza akitoka GB 4 kwenda GB 8 atapumua. Wa pili hata GB 16 anaweza kuzijaza. Kisha fundi humwambia mteja afungue kila anachokitumia siku ya kawaida, naye anatazama Task Manager. RAM ikikaribia kujaa, mashine huanza kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni nzito mno kwa mzigo huo. Hapo ndipo kishale kinapoganda. Lakini kama RAM imetumika nusu tu na diski ndiyo iliyogota asilimia 100, fundi mwaminifu atasema: "Mwalimu, RAM yako inatosha. Weka SSD." Hakuuza alichoombwa, ila ameondoa tatizo lenyewe.

Baada ya kumjua mtu, huijua mashine. Laptopu nyingi zinazouzwa kwetu zimeshatumika maofisini Ulaya na Marekani, na kila moja ina mipaka yake. ThinkPad X240 ina sloti moja tu, hivyo huwezi kuongeza kijiti cha pili. Lazima utoe kilichomo uweke kikubwa zaidi. HP EliteBook 840 G3 ina sloti mbili na hutumia RAM ya kizazi cha DDR4. Zipo zenye RAM iliyochomelewa kwenye bodi, ambazo hazipokei chochote. Na kama Windows iliyowekwa ni ya biti 32, haitavuka GB 4 hata ukijaza sloti zote. Fundi asiyeyajua haya atamuuzia mteja kitu ambacho mashine haitakiona kamwe.

Halafu linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote: kusoma lebo. Chukua kijiti kilichoandikwa "8GB 2Rx8 PC3L-12800S". Asiyejua huishia kwenye 8GB. Fundi huendelea. Tarakimu 3 inamwambia ni DDR3. Herufi L inamwambia kinaendeshwa kwa volti 1.35 badala ya 1.5. Namba 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na S mwishoni ni ya kijiti kifupi cha laptopu. Ukijaribu kuweka DDR4 kwenye sloti ya DDR3, pengo dogo kati ya meno yake halilingani na sloti, na mkono wenyewe unakataa. Lakini DDR3 na DDR3L zina pengo mahali pamoja. Zote mbili zitaingia vizuri kabisa, na mashine iliyotengenezwa kwa volti 1.35 peke yake inaweza kugoma kuwaka. Hapo mkono hausaidii kitu. Kinachookoa ni jicho lililozoea kutafuta herufi moja kwenye karatasi iliyofifia.

Kwenye mashine ya sloti mbili, fundi mzuri hupendelea vijiti viwili vya GB 4 kuliko kimoja cha GB 8, kwa kuwa prosesa huweza kusoma vyote kwa wakati mmoja. Ila akijua mteja atarudi mwakani kutaka GB 16, humshauri aanze na kimoja cha 8 ili sloti ya pili ibaki wazi. Vijiti vya kasi tofauti navyo huenda kwa mwendo wa kile cha polepole, kwa hiyo hakuna sababu ya kulipia kasi ambayo mwenzake ataizuia.

Kuchomeka kwenyewe kunafuata utaratibu. Chaja inachomolewa, betri inatenganishwa, na fundi anagusa chuma kwanza ili umeme tuli umtoke mwilini. Anashika kijiti kwenye kingo, anakiingiza kimeinama, kisha anakilaza mpaka vibanio viwili vya pembeni vilie. Halafu anaacha programu ya MemTest86 ikiipima RAM, usiku kucha ikibidi. Subira hiyo ina sababu. Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza ya seli ya kumbukumbu hii mwaka 1968, alitumia transista moja na kapasita moja kwa kila biti. Chaji ya kapasita huvuja, na kila seli lazima ijazwe upya ndani ya milisekunde 64. Seli moja mbovu kati ya mabilioni inaweza kuharibu faili bila mwenyewe kujua.

Wahenga walisema bura yangu sibadili na rehani. Kazi hii ndiyo inayomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kubaki na bura yake: laptopu ya miaka kumi inaendelea kumsomesha mtoto na kuandika barua za ofisi. Hata hivyo, mteja akilipa, hulipia kijiti peke yake. Maswali, kupima na kusoma lebo huhesabiwa bure, na wapo wanaosikiliza ushauri kisha wakaenda kununua duka la pili. Si haki. Ushauri uandikwe kwenye risiti, uwe na bei yake, maana bila ushauri huo, kijiti ni plastiki na shaba tu. Hata fundi aliyekwambia huna haja ya kununua kitu amefanya kazi, na anastahili ujira wake.