Mapenzi Kama Tiba ya Historia: Riwaya ya Mahaba Katika Tamthilia ya Televisheni

Riwaya ya mahaba ya kihistoria haijapewa nafasi ya haja katika uhakiki wetu. Aghalabu huhesabiwa kuwa fasihi pendwa, nayo michezo ya televisheni inayotokana nayo huchukuliwa kuwa burudani tupu. Makala haya yanashikilia kwamba mahaba ni njia mojawapo ya kuifasiri historia, na kwamba kila riwaya ya aina hii inapohamishiwa kwenye televisheni mhakiki hana budi kuuliza: mapenzi yanaifanya nini historia?

Mfano mashuhuri wa miaka ya karibuni ni Bridgerton, iliyoanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 25 Desemba 2020. Msimu wake wa kwanza umetokana na The Duke and I (2000), riwaya ya Mmarekani Julia Quinn, na matukio yake yanatokea London mwaka 1813. Makabaila wa riwaya hiyo ni Wazungu. Tamthilia imempa mwigizaji mweusi, Regé-Jean Page, nafasi ya Simon, na imemwingiza Malkia Charlotte, ambaye si mhusika katika riwaya.

Badiliko hili si la sura tu. Lady Danbury anamweleza Simon kwamba jamii mbili zilizotenganishwa kwa rangi ziliunganishwa pale mfalme alipompenda mwanamke mweusi. Simon anatilia shaka: alichokitoa mfalme kwa hiari yake anaweza kukitwaa. Shaka hiyo ndiyo fikra nzito kuliko zote katika msimu huo, lakini haipati jibu. Inafunikwa na harusi. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, lakini sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake ilipitishwa mwaka 1833. Katika London ya 1813, basi, mtazamaji ana haki ya kuuliza utajiri wa makabaila ulitoka wapi. Tamthilia haimwachii nafasi ya kuuliza.

Kiini cha jambo hili kimo katika fani pia. Msimu wenye vipindi vinane umejengwa juu ya wapendanao wawili, na kizuizi kikuu kimewekwa ndani ya moyo: Simon ameapa kutozaa mrithi ili kumkomoa baba yake. Kizuizi cha moyo hutatuliwa na moyo. Historia inabaki kuwa mapambo: mavazi, magari ya farasi na kumbi za dansi.

Mtazamaji aliyeko Kinoo ana sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito. Barabara ipitayo hapo, Waiyaki Way, ina jina la Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu aliyekamatwa na Waingereza na kufariki Kibwezi mwaka 1892 alipokuwa akipelekwa pwani. Wala si mbali kutoka hapo hadi Thogoto, kituo cha misheni ya Kiskoti kilichohusika sana katika mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929. Ngugi wa Thiong'o aliutumia mgogoro wa namna hiyo katika The River Between (1965), inayojulikana kwa Kiswahili kama Njia Panda. Humo mwalimu Waiyaki anampenda Nyambura, binti wa mhubiri Joshua. Penzi lao haliunganishi milima miwili iliyotengana. Kinyume chake, ndilo linalotumiwa kumshtaki Waiyaki, na mwishoni wote wawili wanakabidhiwa Kiama wakahukumiwe.

Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi inaelekea huko huko. Yasmin anamkimbia Raza, mume aliyeozwa angali msichana mdogo, katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Anampenda Denge, lakini polisi wa kikoloni wanamwinda Denge kwa ajili ya siasa zake. Kizuizi hapa hakimo moyoni, kwa hiyo moyo peke yake hauwezi kukiondoa. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 2021, alikaza macho juu ya uhusiano wa Yasmin na Denge, na hakuutenga na harakati za ukombozi. Kwa hiyo kufupisha riwaya si lazima kuiondolee siasa zake.

Yawezekana mtu akasema kwamba hadhira inastahili kufurahi, na kwamba kuwaona weusi katika kasri bila minyororo ni faida. Hoja hiyo ina uzito, wala hatudai kila tamthilia iwe ya majonzi. Lakini anayefurahi kwa sababu mfalme alipenda anafundishwa kwamba haki ni zawadi ya mwenye enzi. Funzo hilo ni geni kwa Ngugi na Shafi, ambao nao wameandika mapenzi yanayosomwa kwa hamu.

Suala hili litatuhusu zaidi riwaya zetu zitakapogeuzwa kuwa mifululizo ya televisheni. Atakayeigawa Njia Panda katika vipindi vinane atashawishika kuwaokoa Waiyaki na Nyambura katika kipindi cha mwisho. Akifanya hivyo atapata watazamaji wengi, pengine hata huko Kinoo. Hata hivyo, atakuwa ameiondoa hukumu ya Kiama, na pamoja nayo swali ambalo Ngugi aliliacha mikononi mwa msomaji: ni nani aliyewatenganisha watu hawa, na kwa faida ya nani?